Moyo Uliopoa na Mlango wa Pili



Wengi wanaotujia kwa mashauri ya ndoa husema, "Sheikh, moyo umepoa." Husema kana kwamba moyo ni chai iliyosahauliwa, dawa yake ni kuimwaga na kupika nyingine. Wiki hii twawasimulia habari za kiumbe mdogo wa jamii ya panya, aitwaye voli, akaaye katika nyanda za majani za Marekani.

Voli wa nyanda akipata mwenzi, aghalabu hudumu naye, wakashirikiana tundu na malezi ya watoto. Jamaa yake, voli wa malisho, hana desturi hiyo. Dume hupanda akaenda zake. Wataalamu wakaitafuta tofauti ndani ya ubongo. Voli wa nyanda anapokuwa na mwenziwe, ubongo wake hutoa dopamini, kemikali ya shauku na raha, ikisaidiwa na oksitosini na vasopresini. Raha ile ikafungamana na mwenzi yule, akampendelea kuliko wengine. Mwaka 2004 ilichapishwa habari kwamba madume wa voli wa malisho, walipoongezewa ubongoni vipokezi vya vasopresini, nao walianza kuwapendelea wenzi wao.

Lililotugusa zaidi lilichapishwa mwaka 2006. Dopamini hupitia milango miwili. Wa kwanza hujenga mapenzi. Baada ya takriban wiki mbili za kuishi pamoja, mlango wa pili hupata nguvu, na dume huwafukuza majike wageni. Kumbe kupenda ni kazi moja, na kuyalinda mapenzi ni kazi nyingine.

Mnyama hulindwa na maumbile yake. Sisi tumepewa akili, tukafunga ndoa mbele ya mashahidi, hatuna udhuru wa kusema, "Ni damu tu." Suratu Rum yatukumbusha kuwa mapenzi na huruma baina ya mume na mke ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Ishara hutunzwa: kula sinia moja, kuiweka simu kando, kuliziba sikio kwa maneno matamu ya nje.

Hatumwambii anayedhulumiwa avumilie dhuluma. Huyo ana wazee wake na ana kadhi. Twamwambia aliyechoka tu: kabla hujatamka neno la talaka, jiulize, je, ule mlango wa pili uliwahi kuufunga?

Wabillahi tawfiq.