Lori likigoma kuwaka Rusizi II: pima umeme kabla ya kununua betri

RUSIZI – Lori lililopakia Dar es Salaam au Mombasa likifika Rusizi II huwa limeshakata zaidi ya kilomita 1,500, na kipande cha mwisho ni milima ya Nyungwe, penye baridi na ukungu. Dereva anaegesha, makaratasi yanabaki kwa wakala wa forodha, na kabini inageuka nyumba. Simu zinachajiwa, redio inaimba, feni inazunguka, taa ya ndani inawaka hadi usiku wa manane. Zamu inapofika asubuhi, dereva anazungusha ufunguo, stata inalia mara moja na kunyamaza.

Kinachofuata wengi wanakijua. Malori ya nyuma yanapita, zamu inapotea, na utingo anatumwa Kamembe mjini kutafuta betri mbili mpya. Zinafungwa, gari linawaka, linavuka. Baada ya siku tatu Bukavu linagoma tena. Tajiri anaona dereva amekula hela, dereva anaona ameuziwa betri mbovu, na mara nyingi wote wawili wamekosea: betri za kwanza zingechajiwa tu zingefanya kazi, na kilichozimaliza bado kimo ndani ya gari.

Ni jambo la kuchekesha kidogo, kwani mto huohuo wa Rusizi unaendesha kituo cha Ruzizi II, cha takriban megawati 44, ambacho umeme wake unagawanywa kwa Rwanda, Burundi na Congo. Lakini umeme wa lori unatoka kwenye altaneta yake na betri zake, na hapo ndipo pa kutafuta ugonjwa.

Mita ndogo inasema ukweli

Malori mengi ya masafa marefu hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Mita ya kupimia umeme ni ndogo, bei yake haikaribii hata robo ya betri moja, na kila lori linalovuka mpaka linapaswa kuwa nayo kwenye boksi la spana.

Kipimo cha kwanza kifanywe injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa na kila kitu kimezimwa. Pima kila betri peke yake. Ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa. Kwenye 12.2 imebaki kama nusu. Kwenye 12.0 kushuka chini, haina nguvu ya kusukuma stata ya injini kubwa ya dizeli, hasa asubuhi yenye baridi.

Sasa linganisha betri hizo mbili. Hapa ndipo penye siri ya malori mengi ya ukanda huu. Ikiwa moja inasoma 12.7 na nyingine 11.8, usikimbilie kusema ya pili imezeeka. Fuata nyaya zake. Mara nyingi kuna fundi aliyetaka umeme wa volti 12 kwa ajili ya redio au chaja ya simu, akachomoa waya kwenye betri moja tu. Betri hiyo inatoa umeme usiku kucha huku mwenzake amepumzika. Injini ikiwaka, altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, haijui ipi ina njaa. Aliyeshiba anachemka na kumaliza maji, mwenye njaa hashibi kamwe. Ukinunua jozi mpya na kuurudisha waya uleule mahali pake, umenunua miezi michache tu.

Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, ambacho huchukua umeme kwenye betri zote mbili kwa usawa. Kifungwe na fyuzi yake karibu na betri. Betri zilizokwisha kupishana zichajiwe moja moja hadi zijae kabla ya kurudishwa pamoja, na zikibadilishwa, zibadilishwe zote mbili kwa siku moja.

Kipimo cha pili ni injini ikiwa inaunguruma. Pima betri zote mbili kwa pamoja: mita isome kati ya volti 27.5 na 28.8. Ikibaki 25 au chini, altaneta haichaji, na betri mpya haitasaidia kitu. Anza na mkanda uliolegea au uliolowa mafuta, kisha nyaya za nyuma ya altaneta. Ikipanda kupita 29.5, kirekebisha umeme cha altaneta kimeharibika na betri zinapikwa. Harufu kama ya mayai viza ndiyo dalili yake.

Kama namba zote mbili ni nzuri na stata bado ni nzito, tazama vichwa vya betri na waya wa ethi unaotoka kwenye chesesi kwenda injini. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma safi cha injini, mwenzako azungushe ufunguo. Ikisoma zaidi ya volti moja, umeme unapotelea kwenye kutu. Brashi ya waya na dakika ishirini zinatosha.

Hesabu ya usiku mmoja

Inveta ndiyo mlaji mkubwa. Runinga na friji ndogo vinavyokula wati 300 vinachota zaidi ya ampea 12 kwenye volti 24. Betri za ampea-saa 180 hazifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zina saa sita au saba tu kabla ya kuanza kuumia. Taa ndogo za pembeni za trela nazo si za kupuuzwa: balbu kumi na mbili za wati 5 zikiwaka saa kumi zinakula ampea-saa 25. Anayelazimika kulala foleni siku mbili awashe injini mapema, betri zikiwa bado kwenye 12.3, asingoje hadi zigome.

Trela na milima

Ukikanyaga breki na indiketa za nyuma zikapata mwanga hafifu, au taa zote za trela zikawaka na kufifia kwa pamoja, usibadilishe balbu. Ethi ya trela imekufa. Fungua plagi, safisha pini, kaza waya mweupe. Mvua ya Nyungwe huingia kwenye plagi isiyo na kifuniko, na ukungu wa huko si mahali pa kuburuta trela lisiloonekana. Gari la Kenya, Uganda au Tanzania lina tatizo la ziada: taa zake zimetengenezwa kwa kupita kushoto, na Rwanda na Congo hupita kulia, hivyo mwanga unampiga machoni anayekuja. Gereji inaweza kuzishusha.

Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna waya uliochubuka. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni kuhamishia moto ndani ya kabini, ambako mara nyingi kuna godoro, nguo na mtungi wa gesi. Kwenye malori mengi breki ya injini nayo inaendeshwa kwa swichi ya umeme. Fyuzi yake ikikatika, dereva analigundua hilo akiwa tayari kwenye mteremko na mzigo mgongoni. Ijaribiwe kabla ya kuanza kupanda.

Wakati wa kushtua gari, lori la volti 24 lishtuliwe na la volti 24. Chanya kwa chanya kwanza, na waya wa mwisho wa hasi ubanwe kwenye chuma cha chesesi mbali na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usichomoe betri injini ikiwaka. Altaneta na kompyuta ya injini vinaweza kuungua hapohapo. Na fundi wa kuchomelea akitaka kugusa trela, betri zichomolewe kabla hajawasha mashine yake.

Jambo moja la forodha. Mzigo wenye lakiri haufunguliwi kwa ajili ya kutafuta waya, hata kama hitilafu inaonekana kuwa ndani ya bodi. Lakiri za mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo, ulioanzishwa mwaka 2017 na Kenya, Uganda na Rwanda, zina betri yake zenyewe na hazihusiani na umeme wa lori. Fundi asiiguse wala kuisogeza, na hitilafu ikihitaji kufungua mlango, wakala aitwe kwanza ili ofisa wa forodha awepo.