Kusafisha Picha si Kudanganya

Wapo watu, na miongoni mwao wamo walimu, wanaoshikilia kwamba picha ya mandhari iliyorekebishwa kwa kompyuta si kazi halali ya sanaa. Zamani, wanasema, kamera iliunasa mlima jinsi ulivyo. Leo mpigapicha huketi mbele ya kompyuta akatutungia mlima wake. Mwanafunzi anayeleta kazi ya namna hiyo huambiwa amedanganya. Hukumu hii ni nzito, na msingi wake ni historia ambayo haikuwapo kamwe.

Tuanze na lugha yenyewe. Katika enzi ya filamu, Kiswahili kilitenganisha kupiga picha na kusafisha picha. Aliyepiga alikuwa hajamaliza. Ilibidi filamu ipelekwe kwenye chumba cha giza. Hata hivyo, neno kusafisha lina kasoro yake. Linatufanya tudhani kuwa picha imekwisha kukamilika na inangoja kuondolewa taka tu, ilhali mengi ya maana yaliamuliwa humo gizani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tumwangalie Mfaransa Gustave Le Gray, aliyepiga picha za bahari katika miaka ya 1850. Kemikali za wakati ule ziliathiriwa mno na rangi ya samawati, hivi kwamba maji yalipotoka vizuri, mbingu ilitoka nyeupe isiyo na wingu. Kwa baadhi ya picha zake, Le Gray alitwaa mbingu kutoka negativu moja na bahari kutoka nyingine, akaziunganisha kwenye karatasi moja. Programu ya Photoshop, inayolaumiwa kwa kila hila, ilianza kuuzwa mwaka wa 1990.

Au tumchukue Mmarekani Ansel Adams, ambaye wengi humtaja kuwa kielelezo cha picha safi ya mandhari. Mwaka wa 1941 alipiga picha ya mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, jimbo la New Mexico. Alipata nafasi ya kupiga mara moja tu kabla ya jua kuuacha mkono misalaba ya makaburi. Lakini kazi ya chumba cha giza iliendelea kwa miaka mingi. Kwa kuzidisha mwanga kwenye sehemu fulani za karatasi, sehemu hizo zikawa nyeusi zaidi. Kwa kukinga nyingine, zikabaki nyeupe. Katika nakala za mwanzo mawingu hafifu yanaonekana. Katika za baadaye mbingu imekaribia kuwa nyeusi tititi. Adams, ambaye alikuwa amejifunza kupiga piano, aliifananisha negativu na noti zilizoandikwa na mtunzi, na nakala ya picha na uchezaji wa muziki wenyewe.

Tena hakuishia kwenye mwanga na kivuli. Katika picha yake ya mapambazuko kwenye milima ya Sierra Nevada, ya mwaka wa 1944, palikuwa na herufi mbili kubwa, L na P, ambazo wanafunzi wa mji wa Lone Pine walikuwa wamezichora kilimani kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Adams alizifuta. Mjerumani Andreas Gursky alipoondoa watu na jengo la kiwanda katika picha yake ya mto Rhine ya mwaka wa 1999, kwa kutumia kompyuta, alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Picha hiyo iliuzwa New York mwaka wa 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4.3.

Je, basi kila kitu ni ruhusa? La hasha. Jarida la National Geographic lilipozisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, lilishutumiwa, na kwa haki. Kosa halikuwa chombo kilichotumika. Jarida hilo lilikuwa limewaahidi wasomaji habari za ulimwengu ulivyo, likavunja ahadi. Gursky hakutoa ahadi hiyo. Vivyo hivyo, hakuna anayemwita mwandishi wa riwaya mwongo, ingawa mwanahabari akibuni tukio tutamfukuza kazi.

Tupeleke mfano huu Mlima Kenya. Mwanafunzi akiikoleza mbingu juu ya kilele cha Batian ili tuhisi ukali wa baridi, amefanya sanaa. Akiongeza barafu ambayo imekwisha kuyeyuka, kisha akaandika tarehe ya leo chini yake kana kwamba ni ushahidi, amepotosha, maana barafu ya mlima huo imepungua sana na picha za aina hiyo hutumiwa kuupima upungufu wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu asiulize tu kama picha imeguswa, kwani hakuna isiyoguswa. Aulize imeahidi nini. Amtake mwanafunzi aihifadhi picha ya awali kama wazee walivyohifadhi negativu, na aeleze kwa sentensi chache alichobadilisha na sababu yake. Katika siku hizi ambapo kompyuta yaweza kubuni mlima mzima ambao haupo popote duniani, kijana aliyezoea kutoa maelezo hayo atajua pia kuyadai kwa wengine. Yule aliyefunzwa tu kuogopa kompyuta atadanganywa na picha ya kwanza itakayoambiwa haikuguswa.