Urso, Piriton na mkojo mwekundu: Ukiachiwa chupa ya dawa ya mtoto mgonjwa wa ini

Sema pale Free Area au Kiamunyi kwamba mtoto wenu mchanga ana macho ya manjano, na majirani watatu watakupa jibu moja: muweke jua. Si kwamba wanakudanganya. Watoto wengi sana hugeuka manjano siku chache baada ya kuzaliwa, na wengi wao wanarudi rangi yao kabla wiki mbili kuisha. Shida ni yule ambaye wiki ya tatu imeingia na jua lote la Nakuru halijamsaidia. Mkojo wake unaacha nepi na rangi ya strungi. Kinyesi nacho ni cheupe kama chaki, au kijivu kama udongo wa kufinyangia. Huyo hahitaji jua. Anahitaji kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, na anakihitaji wiki hii, si siku ya kliniki ya chanjo.

Halafu kuna jambo la jina. Watu husema "homa ya manjano", lakini hiyo kwa kweli ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Mtoto tunayemzungumzia hapa mara nyingi hana homa hata kidogo. Ananyonya, anacheka, anaonekana yuko sawa. Kinachoendelea ni kwamba nyongo imekwama ndani ya ini lake.

Kwa kawaida ini hutengeneza nyongo na kuituma kwenye utumbo kupitia mirija midogo. Huko nyongo husaidia kumeng'enya mafuta, na ndiyo inayopaka kinyesi ile rangi yake. Kuna watoto ambao mirija hiyo huziba na kuharibika wakiwa bado wachanga kabisa. Madaktari huita hali hiyo atresia ya mirija ya nyongo, na Ulaya na Amerika Kaskazini humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 na 20,000. Wengine wana mirija michache mno tangu kuzaliwa, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mfaransa, Daniel Alagille, na ambao mara nyingi huja pamoja na shida ya moyo. Wengine mirija iko sawa, lakini kwa sababu ya jeni walizorithi seli za ini zinashindwa kuisukuma nyongo itoke. Majina ni tofauti, ila matokeo yanafanana: nyongo inabaki pale pale na kulichoma ini polepole.

Kwa wale ambao mirija imeziba, dawa peke yake haitoshi. Kuna upasuaji uliobuniwa na daktari wa Japani, Morio Kasai, miaka ya 1950, ambapo kipande cha utumbo huunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia. Hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Hesabu mwenyewe: wiki tatu za jua, wiki mbili za kutafuta nauli, wiki mbili za kusubiri majibu ya maabara, na siku 60 zimebaki chache sana. Taiwan iliona tatizo hili, na mwaka 2004 ikaanza kuwapa wazazi nchini kote kadi yenye picha za rangi za kinyesi ili walinganishe na nepi nyumbani. Japani nayo iliweka kadi kama hiyo kwenye kijitabu cha mama na mtoto mwaka 2012. Ni karatasi tu, na sioni kwa nini nyumba yoyote yenye mtoto mchanga isiwe nayo.

Sasa tuje kwako. Huenda wewe si mzazi. Huenda ni shangazi wa miaka 22, au kaka mkubwa aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, na mama mtoto amerudi kazini kwenye shamba la maua Naivasha. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Chupa unabaki nayo wewe.

Dawa utakayokutana nayo kwanza, mara nyingi, ni ile watu wa hospitali huiita Urso kwa kifupi. Jina lake kamili ni asidi ya ursodioksikoliki, na hiyo "urso" inatokana na neno la Kilatini la dubu. Wachina walitumia nyongo ya dubu kama dawa kwa karne nyingi. Usiogope, Menengai hakuna dubu na hakuna anayekutuma kumwinda. Siku hizi hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kutokana na nyongo ya ng'ombe. Kazi yake ni kuifanya nyongo iwe laini zaidi kwa ini na itiririke vizuri pale ambapo bado kuna njia.

Haiponyi. Hilo ni vizuri ulijue mapema, kwa sababu ndipo watu wengi huachia njiani. Unampa mtoto dawa wiki nne, macho bado yana manjano kidogo, pesa zimeisha, na mtu wa familia anasema ana mzee Subukia mwenye mizizi. Ni rahisi kuamini dawa imeshindwa. Lakini dawa hizi hupimwa kwa mambo yasiyotokea: ini ambalo halijakakamaa haraka, mtoto ambaye hajatokwa na damu, usiku ambao hakujikuna hadi ngozi ikachubuka. Na hiyo mizizi, hata kama mzee ana nia njema, inapita kwenye ini lile lile lililochoka. Ukishampa, mwambie daktari ulichompa. Usifiche kwa kuona aibu.

Urso huuzwa sana kama kapsuli, nazo zimetengenezewa watu wazima, mara nyingi miligramu 250 au 300. Mtoto wa kilo 5 hawezi kumezeshwa hiyo. Kipimo huhesabiwa kwa uzito, mara nyingi kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo kwa siku, na daktari ndiye anayeamua. Kwa hivyo mfamasia huigeuza kuwa dawa ya maji, au hukuonyesha jinsi ya kufungua na kugawa. Ikiwa ni ya maji, itikise vizuri kila mara. Unga hukaa chini, na ukisahau, juma la kwanza mtoto anakunywa maji na juma la mwisho anakunywa dawa yote. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Achana na kijiko cha chai, maana kijiko cha kwenu na cha jirani havitoshani.

Na hapa kuna kosa ambalo ni rahisi kupita bila kuonekana. Mtoto akikua, kipimo kinapaswa kukua naye. Aliyeanza na kilo 5 akipewa miligramu 100 kwa siku, akifika kilo 10 na bado anapewa 100, anapata nusu ya alichoandikiwa. Hakuna aliyekosa kumpa dawa. Kila mtu amekuwa mwaminifu kwa kipimo cha zamani. Ndiyo maana mtoto hupimwa uzito kila anapoenda kliniki, na ndiyo maana wewe uliyempeleka unapaswa kuuliza, "Daktari, kipimo kinabaki kile kile?"

Pamoja na Urso utapewa vitamini A, D, E na K. Watu huzidharau kwa sababu neno vitamini linafanana na kitu cha kuongeza hamu ya kula. Kwa mtoto huyu si hivyo. Vitamini hizo nne huingia mwilini pamoja na mafuta, na bila nyongo mafuta hayameng'enywi vizuri. Akikosa D mifupa inalegea. Akikosa K damu haigandi, na mtoto mchanga anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo bila kuanguka wala kugongwa. Bajeti ikibana, vitamini K si kitu cha kwanza cha kukata.

Kuwashwa ndiko kutakakokumaliza wewe. Watoto wa Alagille na wale wa jeni huwashwa kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza: wanajikuna masikio, nyayo, tumbo, usiku kucha, hadi shuka zina damu. Kitu cha kwanza utakachofikiria ni Piriton, kwa sababu kila nyumba Kenya ina Piriton. Lakini mwasho huu hautokani na mzio. Unatokana na vitu vinavyojaa kwenye damu kwa sababu nyongo haitoki. Piriton itamfanya asinzie, na mara nyingi haitafanya zaidi ya hapo.

Daktari anaweza kuandika unga uitwao kolestiramini, ambao hukamata asidi za nyongo kwenye utumbo na kuzitoa na kinyesi. Unachanganywa na maji au juisi, haulambwi mkavu. Ubaya wake ni kwamba haubagui: ukikutana na vitamini au dawa nyingine tumboni unazikamata pia na kwenda nazo. Hivyo dawa nyingine hutolewa saa moja kabla yake, au saa nne hadi sita baadaye. Andika ratiba, ibandike kwenye friji au nyuma ya mlango. Ukisema utakumbuka, siku ya tatu utazipa zote pamoja na uji.

Halafu kuna rifampisini, na hapa ndipo mtaa huanza kuongea. Wengi wetu tunaijua kama dawa ya TB. Lakini kwa miaka mingi madaktari wameitumia pia kupunguza mwasho wa ugonjwa wa ini. Hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa au nyekundu, na hilo si hatari. Hatari ni mambo mawili. Moja, usiazime vidonge vya mtu wa TB. Vya TB kwa kawaida vimechanganywa na dawa nyingine ambazo zenyewe zinaweza kuumiza ini. Mbili, rifampisini huharakisha mwili kuvunja dawa zingine, ikiwemo tembe za kupanga uzazi. Msichana wa miaka 19 aliyekua na ugonjwa huu anahitaji kuambiwa hilo waziwazi, na nadhani wengi huwa hawaambiwi kwa sababu daktari na mama wote bado wanamwona mtoto.

Tangu 2021 kuna dawa mpya Marekani, odevixibat na maralixibat, zinazozuia asidi za nyongo zisinyonywe tena kutoka utumbo. Hupunguza mwasho sana kwa baadhi ya watoto, ingawa zinaweza kuwaharisha. Bei yake huko ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Ukiona mtu mtandaoni anaziuza kwa elfu tano, usitume pesa.

Kwa aliye bweni, mambo ni mengine. Kijana wa kidato cha pili anameza dawa mara mbili kwa siku, mkojo ni mwekundu, macho yana manjano, na dom nzima inasema ana hepataitisi au TB. Anaanza kutupa dawa chooni ili afanane na wenzake. Barua ya daktari kwa matroni, ikisema kwa sentensi moja kwamba ugonjwa hauambukizi na dawa hazipaswi kukatizwa, husaidia kuliko mahubiri. Kama wewe ndiye unayelala kitanda cha juu yake, unajua la kufanya.

Kipimo kimoja kikisahaulika, usimpe mara mbili ili kufidia. Lakini homa kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa Kasai haisubiri asubuhi. Inaweza kuwa maambukizi ya mirija, na unaenda PGH usiku huo huo. Vivyo hivyo akitapika damu, akitoa kinyesi cheusi kama lami, au akilala usingizi usio wa kawaida.

Na hesabu chupa kabla ya safari. Kliniki ya Eldoret au Nairobi ni zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, matatu za Desemba zinapandisha nauli, na si kila duka la dawa linaweka Urso. Piga simu kwa mfamasia dawa ikibaki ya siku kumi, si ya siku mbili, na uulize pia ofisi ya SHA pale hospitalini ni sehemu gani inalipwa kabla hujatoa pesa mfukoni.