Moshi wa matatu: Mafuta yapotea, mapafu yaumia

Je, msomaji, umewahi kusimama pale Kondele jioni ukingojea matatu, ukafunikwa na moshi mweusi hadi ukakohoa? Moshi huo ni mafuta ambayo mwenye gari ameyalipia, lakini injini imeshindwa kuyachoma yote.

Kichujio cha hewa kikiziba au nozeli za dizeli zikichakaa, mafuta hayaungui sawasawa. Yanayobaki hutoka kama masizi. Chembe zake ni ndogo mno hivi kwamba hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huamsha pumu, na baada ya miaka mingi huchangia maradhi ya moyo na kiharusi.

Mwaka wa 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Walio hatarini zaidi ni watoto, wazee na wanaoshinda barabarani: makanga, wachuuzi na wahudumu wa boda boda.

Sera hubadili mambo

Katika miaka ya 1990, boda boda za Kisumu zilikuwa baiskeli, zisizotumia hata tone la petroli. Serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi mwaka wa 2008, pikipiki zilifurika. Abiria walifika haraka, lakini moshi nao ukaongezeka.

Iwapo kodi iliweza kuleta petroli zaidi mjini, inaweza pia kuipunguza. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto tu. Pikipiki ya umeme hupoteza kidogo, na haitoi moshi. Isitoshe, umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, upepo na maji, yakiwemo ya mto Sondu-Miriu. Kuzipunguzia kodi pikipiki hizo na kukagua magari mara kwa mara kungeokoa mafuta na afya kwa pamoja.

Mwaka wa 2020, Kisumu ilipata mpango wa uchukuzi unaotilia mkazo njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Hilo pia ni suala la afya. WHO hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki. Ukitembea nusu saa kwa siku tano, umetimiza. Hata hivyo, nani atatembea ikiwa njia imejaa vibanda na pikipiki?

Ufanye nini?

Safari fupi, tembea. Ukiwa na gari, lipeleke gereji kwa wakati, jaza magurudumu upepo wa kutosha na uzime injini unaposubiri. Mwenye pumu asisimame nyuma ya gari linalonguruma. Nao viongozi wanapoomba maoni kuhusu bajeti ya kaunti, nenda ukaulizie njia za miguu.

Kumbuka, usipoziba ufa utajenga ukuta.