Tiara, wimbi na upepo wa Paje

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, katika miezi ya kaskazi au ya kusi, utaona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: tiara kubwa za rangi mbalimbali zimetanda angani, na chini ya kila moja mtu amesimama juu ya ubao, anavutwa juu ya maji kwa kasi. Wapo vijana wa vijiji vya huko walioufanya mchezo huu kazi yao ya kila siku, wakiwafundisha wageni na kuwaokoa waliozidiwa. Yawezekana mwanao naye, wakati wa likizo, akakuomba ruhusa ya kwenda kujifunza. Kabla hujamjibu, yafaa ujue anakwenda kupambana na nini. Wengi huliogopa wimbi. Lakini linalompa mtu riziki au msiba katika mchezo huu ni upepo, na zaidi ya nguvu za upepo, ni upande unakotokea.

Tiara hii si kile kishada cha karatasi tulichokirusha utotoni. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliisajili haki ya uvumbuzi wao mwaka 1984: tiara yenye mbavu zinazojazwa hewa, ili ikianguka majini ielee na iweze kupaa tena. Ukubwa wake huwa mita za mraba 7, 9, 12 au zaidi, na kamba zake hupita mita 20. Sasa zingatia jambo moja. Upepo ukizidi kasi mara mbili, nguvu zake za kuvuta hazizidi mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana mtu wa kilo 75 aliyetulia na tiara ya mita 12 katika upepo wa kilomita 28 kwa saa, hana budi kutwaa ya mita 9 upepo ukikaribia kilomita 37. Akiona uvivu wa kurudi pwani kuibadili, atanyanyuliwa na kutupwa.

Ndani ya mwamba, maji ya Paje ni matulivu, na hapo ndipo wanafunzi huanzia. Mawimbi yenyewe huumuka nje, juu ya mwamba, na huko hesabu hubadilika kabisa. Mchezaji aliyelipanda wimbi hukimbia pamoja nalo kuelekea pwani. Chukua mfano: upepo unavuma kilomita 30 kwa saa kutoka baharini moja kwa moja kwenda nchi kavu, na wimbi linamsukuma mtu kilomita 20 kwa saa kuelekea huko huko. Upepo anaobaki nao ni wa kilomita 10 tu. Kamba hulegea, tiara hupoteza nguvu na kuanguka mbele yake, na wimbi lifuatalo humkuta amezungukwa na kamba. Tena upepo wa namna hiyo huyavuruga mawimbi yenyewe, yakavunjika kabla ya wakati wake.

Upepo wa ubavuni hauna hila hiyo. Wimbi likienda pwani na upepo ukilikata kwa upande, kamba hubaki zimekaza, na mchezaji akianguka husukumwa kandokando ya pwani au kurudishwa taratibu nchi kavu. Hapo Paje imebarikiwa. Ukisimama ufukweni ukitazama bahari, kaskazi ya Desemba hadi Machi hukujia upande wa kushoto, na kusi ya Juni hadi Septemba upande wa kulia. Zote mbili huja kwa mshazari, zikielekea kidogo nchi kavu. Mabaharia wetu walizitegemea pepo hizi karne nyingi kwa majahazi yao. Ajabu kwamba walioingoja misimu hiyo hapa kwa ajili ya mchezo walikuwa kwanza wageni.

Wa kuogopwa ni upepo utokao nchi kavu, ambao watu wa pwani huuita umande. Humhadaa mtu. Huusimamisha ukuta wa wimbi ukawa laini kama kioo, na bahari ya karibu na pwani ikaonekana shwari. Lakini ukipita juu ya minazi na mapaa ya nyumba hukatikakatika: mara umekufa, mara umerudi kwa kishindo. Na mchezaji akipotewa na tiara, kila dakika humchukua mbali zaidi na watu wake. Katika upepo huo, asiye na mashua ya uokozi inayomngojea asiguse maji.

Usidhani pia kwamba mawimbi makubwa ni dalili ya upepo mwingi. Huenda yakawa yamezaliwa na tufani za mbali, kusini ya Bahari ya Hindi, yakafika Paje siku ambayo jani la mnazi halitikisiki. Mtu akitoka hadi mwambani kwa upepo mchache atarudi kwa kuogelea. Hata mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2024, ambayo mchezo wa tiara uliingia kwa mara ya kwanza huko Marseille, yalicheleweshwa na upepo hafifu. Kinyume chake, ukiona wingu jeusi la mvua linakuja kutoka baharini, upepo wake hufika kabla ya mvua. Huo ndio wakati wa kushusha tiara.

Basi mwulize mwalimu wa mwanao maswali haya: leo upepo unatokea wapi, maji yanajaa au yanakupwa, nani yuko mashuani, na je, kijana amekwisha kujua kuifungua tiara ajiokoe? Nawe ukiwa ufukweni na watoto, kaa upande unakotoka upepo, wala usishike kamba ya tiara iliyoponyoka, kwani hukata mkono kama wembe.

Liko na jambo la wenyeji. Kilimo cha mwani kilianza pwani hiyo mwaka 1989, na wakulima wake, wengi wao akina mama, hushughulikia vijiti na kamba zao maji yakipwa. Yakijaa, vyote hufichika chini ya njia ya ubao. Mwanao awapitie asubuhi, awaamkie kwa adabu, na kuwauliza mashamba yao yanaishia wapi, kabla maji hayajarudi.