Nani Anashika Usalama wa Abiria wa Bodo?

Anayekwenda kisiwa cha Funzi, kaunti ya Kwale, huacha barabara kuu ya Likoni–Lungalunga, akateremka hadi Bodo, kisha akapanda boti. Kivuko chenyewe ni kifupi, na pengine ndiyo maana hakizungumzwi sana. Ila anayetaka kuelewa jinsi jamii inavyopunguza majeraha atajifunza mengi hapa, kwa sababu wahusika karibu wote wanaonekana kwa macho: nahodha, abiria, wavuvi na wazee wa ufuo.

Tuanze na maana. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuzama kuwa ni kutatizika kwa pumzi kunakompata mtu aliyemezwa na maji. Si kila anayezama hufa maji: wapo wanaopona, na wapo wanaobaki na ulemavu. Kinga ya majeraha nayo ni hatua yoyote inayokata mfululizo wa mambo kabla mwili haujaumia, au inayopunguza makali ya kuumia huko. Shirika hilo linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021.

Daktari Mmarekani, William Haddon, alifundisha kuigawa ajali katika vipindi vitatu: kabla, wakati na baada. Faida ya mgawanyo huu ni kwamba unatutoa kwenye msemo wetu wa ajali haina kinga. Tukio moja huwa na milango kadhaa, na kila mlango una mtu wake wa kuufunga.

Kabla ya safari, mambo mawili hutangulia: upepo na shehena. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba na kuchafua bahari. Nahodha huijua kwa uzoefu, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa huitangaza. Shehena ni ngumu zaidi, maana kila abiria anayeongezwa ni nauli. Feri iliyopinduka Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994 ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake, na watu 272 wakafa. Pale kiasi kiliandikwa kwenye karatasi. Kwenye boti ndogo kiasi kinaweza kuwekwa wazi kwa njia rahisi: jaketi okozi kumi, abiria kumi. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ataifanya akiwa bado ufuoni.

Wakati wa ajali, jaketi lina kazi moja tu: kumfanya mtu aelee. Haliifanyi likiwa limesukumwa chini ya ubao wa omo, mikanda imefungana mafundo, huku kanga na buibui zikilowa na kumvuta mama chini. Abiria ana sababu zake za kulikataa: ni la moto, limevaliwa na wengine, na safari ni fupi. Mahubiri hayatoshi kuziondoa sababu hizo. Kanuni ya nahodha yaweza kutosha: kamba haifunguliwi mpaka kila mmoja amelivaa.

Baada ya ajali, saa ndiyo inayoamua. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika kwa dakika chache tu. Kenya ilianzisha Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka 2018, na ina kazi kubwa. Lakini chombo kutoka kituo cha mbali hakiwezi kuzishinda dakika hizo. Atakayefika kwanza ni mvuvi aliye karibu. Basi swali ni: akimtoa mtu majini, atafanya nini? Akimning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke, anapoteza muda. Asiyepumua hupewa pumzi kwanza, kisha kifua hukandamizwa, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali ya Msambweni.

Hapo ndipo ushirikiano wa wenyeji na taasisi unapoingia, na si kwa heshima tu. Mwaka 1989, mkutano wa Stockholm uliweka msingi wa kile kilichoitwa jamii salama, kwamba kinga hupangwa na wenyeji pamoja na taasisi zao. Chukua mfano wa takwimu. Hospitali inawajua waliofikishwa. Aliyefia baharini akazikwa siku hiyohiyo anajulikana ufuoni tu. Bila pande hizo mbili kuweka daftari moja, serikali ya kaunti itapanga bajeti kwa nusu ya habari.

Chombo cha kuziunganisha pande hizo kipo tayari. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2007 ziliunda kamati za usimamizi wa fuo, zile ambazo wavuvi huziita BMU, zenye wanachama wanaojuana kwa majina. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende huko, kabla ya kununua boti nyingine ya doria: mafunzo ya kuokoa kwa wavuvi, jaketi kwa kila kiti, na daftari la nani ametoka na nani amerudi. Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani ni tarehe 25 Julai, katikati ya kusi. Badala ya kuingoja siku hiyo, Kaunti ya Kwale ifanye mafunzo hayo kabla ya Aprili.