Si Bahati, ni Mwendo

Hapa Magongo ningali nasikia ikisemwa kwamba Zersenay Tadese wa Eritrea "alibahatika" kushinda mbio za nyika za dunia, Mombasa, tarehe 24 Machi 2007. Mimi, mwalimu wa lugha, neno hilo silikubali. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mitano mfululizo, alilemewa na joto na unyevu wa pwani, akasimama katika mzunguko wa mwisho. Jua lile liliwawakia wote. Tadese hakwenda pole. Alishika kasi aliyoweza kuifikisha mwisho, akamaliza kilomita 12 kwa dakika 35 na sekunde 50. Walimu wenzangu, tukimwita mshindi "mwenye bahati" tunawanyima wanafunzi somo: kila uwanja una mwendo wake, na mwendo hupimwa.